UZI: Fainali ya kombe la taifa ije Mombasa. Wenzetu Tanzania wameizungusha nchi nzima, sisi twangoja nini?

Mwana wa Mbaraki (mwenye uzi)

Salaam nyote humu ndani.

Msimu wa kombe la FKF, Shirikisho la Soka Kenya, wa 2024/25 uliisha kwa jambo lililowaacha wengi mdomo wazi. Nairobi United, timu iliyokuwa ikicheza ligi ya chini, iliingia uwanja wa Ulinzi pale Lang'ata na kuipiga Gor Mahia 2-1 kwenye fainali. Gor Mahia hii hii yenye makombe mpaka kabati limejaa. Kocha Nicholas Muyoti na vijana wake wakapata nafasi ya kuiwakilisha Kenya Afrika kabla hawajagusa mpira hata mmoja wa Ligi Kuu. Wengine wakasema watatolewa mapema waturudishie aibu. Wakaitoa NEC ya Uganda, kisha wakaikabili Étoile du Sahel ya Tunisia, klabu yenye historia ndefu Afrika, wakaitoa kwa penalti. Wakaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika pamoja na Wydad, Azam na Maniema.

Hii ndiyo raha ya mtoano. Ligi ni mechi 34, na mwenye kikosi kipana na mfuko mnene mwishowe huwa juu. Kombe ni siku moja. Mkilala mwafungwa, mkiamka mwaenda mbele, na refa akipuliza cha mwisho hakuna "tutarekebisha wiki ijayo".

Lakini sikufungua uzi kwa ajili ya Nairobi United pekee. Wikendi ile ile ya mwisho wa Juni, ng'ambo ya mpaka, Yanga walikuwa wakicheza fainali ya kombe lao na Singida Black Stars, wakashinda 2-0. Wapi? New Amaan, Zanzibar. Dar es Salaam wana uwanja wa Benjamin Mkapa unaobeba watu elfu 60, lakini fainali ilivuka bahari ikaenda Unguja. Na mwaka uliotangulia ilikuwa pale pale Amaan, Yanga na Azam, 0-0 mpaka penalti.

Nikarudi nyuma kuangalia. 2017 fainali ilikuwa Dodoma, Simba na Mbao. 2018 Arusha, Mtibwa Sugar wakaifunga Singida United 3-2. 2019 wakaipeleka Lindi, uwanja wa Ilulu, Azam na Lipuli. Lindi! 2020 Sumbawanga, kule juu karibu na Zambia, Simba na Namungo. 2021 Kigoma, ukingoni mwa ziwa, na huko walicheza Simba na Yanga wenyewe, Taddeo Lwanga akafunga la pekee. 2022 Arusha tena. 2023 Tanga, jirani zetu hawa hawa. Tangu 2017 mpaka 2025 fainali ya Tanzania haikulala Dar hata mwaka mmoja.

Sisi je? Fainali yetu imeizoea Nairobi. Ikitoka Nyayo yaenda Kasarani, ikitoka Kasarani yaenda Ulinzi. Mtoto aliyezaliwa Majengo akakulia Majengo anaweza kufika umri wa kuoa bila kuona kombe la taifa likinyanyuliwa kwa macho yake, ila kwa simu.

Na Pwani si wageni kwenye kombe hili. Bandari, klabu yetu ya Mombasa, wamelibeba 2015 na 2019. Mara zote mbili sisi ndio tuliosafiri.

Rai yangu ni moja na nitaishikilia: shirikisho litangaze fainali izunguke, na zamu moja ya mwanzo iwe Mombasa. Nawasikiliza.

---

Barobaro la Kisauni

Kaka, moyo wangu uko nawe, lakini nikuulize lile ambalo kila mtu ataliuliza. Ichezwe uwanja upi?

Uwanja wa Manispaa tuliambiwa wavunjwa ujengwe wa kisasa. Tukafurahi. Miaka ikapita, magavana wakabadilika, na mimi nikipita barabara ile bado naangalia zege. Mbaraki pazuri, lakini ni uwanja wa klabu, majukwaa ni madogo. Ukileta Gor na Leopards pale watu watapanda miti mpaka miti iombe msamaha.

---

Mwana wa Mbaraki

@Barobaro swali lako ndilo kiini, na sitalikimbia.

Kwanza tukubaliane kwamba uwanja na fainali vyavutana. Kule kwa wenzetu, mji ukipewa fainali, mkoa unaanza kukimbizana na nyasi, vyoo, rangi, milango ya kuingilia. Tarehe ikishatangazwa hakuna kiongozi anayetaka nchi nzima ije imkute na matope. Sisi twasema "kwanza uwanja ukamilike ndipo tupewe". Kwa mpango huo tutangoja sana, kwa sababu hakuna tarehe inayomsukuma yeyote.

Pili, nikukumbushe gharama ya kutokuwa na uwanja, maana wengi wanadhani ni fahari tu. 2019 Bandari walipobeba kombe waliingia Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi ya nyumbani na Al Ahly Shendi ya Sudan tuliichezea Kasarani, 0-0. Kule Sudan vijana wakatoa 1-1 na goli la ugenini likatuvusha, maana jumla ikiwa sare aliyefunga zaidi ugenini ndiye aliyepita. Kisha Ben Guerdane ya Tunisia: 2-0 kwetu, 2-1 kwao, tukapita tena. Tulikuwa mlango mmoja tu kabla ya makundi, Horoya ya Guinea ndio wakatufungia.

Sasa fikiri. "Nyumbani" kwetu palikuwa kilomita karibu 500 kutoka nyumbani. Mechi kubwa kuliko zote katika maisha ya klabu ya Mombasa, na mwenye duka wa Mwembe Tayari hakuiona. Wachezaji waliozoea joto la hapa na upepo wa bahari wakacheza kwenye baridi ya Nairobi kama wageni. Mimi naamini kabisa, Horoya wangeletwa hapa saa tisa alasiri, jua la Mombasa likiwapiga kisogoni na watu wetu wamejaa, hesabu ingekuwa nyingine.

---

K'Ogalo Changamwe

Mimi ni Gor damu, naishi Changamwe, na fainali ya Juni bado inaniuma, kwa hiyo mnivumilie.

Ndugu mwenye uzi, hoja yako tamu lakini pesa je? Kombe letu la 2025 bingwa alipata shilingi milioni 2. Timu ikisafiri na wachezaji, benchi la ufundi, hoteli siku mbili, chakula, sehemu kubwa ya zawadi imeliwa njiani. Na angalia waliofika fainali miaka ya karibuni: Gor, Leopards, Tusker, Police, KCB, Sharks, na sasa Nairobi United. Karibu wote ni watu wa Nairobi. Mbona uwasafirishe mashabiki wa timu mbili za Nairobi mpaka Mombasa kuangaliana?

---

Mwana wa Mbaraki

@K'Ogalo pole kwa ya Juni, na naiheshimu hoja yako kwa sababu ndiyo inayotumika kila mwaka. Lakini irudishe Kigoma 2021. Simba na Yanga, wote wa Kariakoo. Kutoka klabu moja hadi nyingine ni mwendo wa miguu. Wakapelekwa Kigoma, mwisho wa reli. Kwa hesabu yako ile mechi ilipaswa kuchezwa Dar bila kufikiri mara mbili.

Kwa nini hawakufanya hivyo? Kwa sababu Simba na Yanga wana watu Kigoma. Na Gor ina watu Mombasa, wewe mwenyewe ni shahidi. Leopards pia. Nenda Mikindani, nenda Bangla, nenda Magongo siku ya debi usikie kelele. Hao ni mashabiki wanaonunua jezi na kulipia runinga mwaka mzima, na timu yao huiona ikija kucheza na Bandari tu. Fainali ikija hapa hawatasafiri wao. Itakuwa imewafuata walipo.

Kuhusu gharama: hapo uko sawa, na ndiyo maana siungi mkono kuwatwika timu mzigo huo. Usafiri na malazi ya waliofika fainali yatolewe na waandaaji na mdhamini, yawe kwenye mkataba tangu mwanzo wa msimu. Kaunti inayoomba fainali nayo iweke mkono mfukoni. Mombasa ni mji wa hoteli, hatuwezi kukosa vitanda 60 kwa siku mbili mwezi wa Juni, wakati watalii wenyewe ni wachache.

---

Tanga Kwetu

Jamani niruhusuni jirani wa upande wa pili niseme, maana Tanga imetajwa.

2023 nilikuwa Mkwakwani. Yanga na Azam. Ninyi wa Mombasa mlikuja wengi, magari ya namba za Kenya yalipangana mpaka barabara ya Raskazone. Asubuhi ile mji ulikuwa umebadilika kabisa. Muuza madafu aliyekaa karibu na geti alimaliza mzigo wa kwanza kabla ya saa nne, akatuma kijana na guta akalete mwingine. Mama wa mihogo alikuwa anakaanga na kuhesabu chenji kwa mkono mmoja. Nyumba za wageni zikajaa, watu wakalala kwa jamaa, wengine msikitini. Yanga walikuwa wametoka kukosa kombe la Afrika kwa goli la ugenini mbele ya USM Alger, kwa hiyo walikuja na hasira na kiu. Kennedy Musonda akafunga mapema, likabaki hilo hilo, 1-0.

Lakini kilichonikaa ni watoto. Nje ya ukuta kuna miti, na kila tawi lilikuwa na mtoto. Walikuwa wanawaambia wa chini kinachoendelea: "Kaenda Musonda! Kapokonywa!" Wa chini wanapiga kelele bila kuona chochote. Wale watoto wamemwona Musonda na wenzake wakishuka basi, hatua tatu kutoka kwao. Mtoto akishaona hivyo mpira kwake haubaki kitu cha kwenye skrini.

Na kuna jambo lingine. Mwaka mmoja kabla, 2022, Coastal Union yetu ilifika fainali dhidi ya Yanga pale Arusha. 3-3, na Abdul Suleiman, Sopu, alifunga yote matatu peke yake. Tukafa kwa penalti. Tulilia, lakini mwaka uliofuata fainali ikaja mjini kwetu, na mimi nilihisi kama mtu ametuambia: tuliona mlichofanya. Watu wa Mombasa mna Bandari iliyobeba kombe mara mbili ndani ya miaka minne. Hamwombi sadaka, mwadai haki.

---

Barobaro la Kisauni

@Tanga Kwetu ahsante ndugu yangu. Mimi ni mmoja wa waliovuka Lunga Lunga siku ile. Feri ya Likoni alfajiri, matatu mpaka mpakani, muhuri, Horohoro, na saa nne tuko Tanga tunakunywa chai. Ndipo niliposhangaa: ilikuwa rahisi kwangu, Mkenya, kwenda kuona fainali ya Tanzania kuliko kuona ya Kenya. Ya kwetu ingenitaka tiketi ya SGR kwenda na kurudi, na usiku wa kulala Nairobi.

---

Mzee wa Tononoka

Wanangu, nimesoma yote na nimefurahi kuona vijana wanazungumza mpira kwa adabu.

Mimi niwape historia kidogo, kwa sababu naona mwazungumza kana kwamba Mombasa inaomba kuingizwa. Mombasa ilikuwa ndani toka mwanzo. Feisal walikuwa mabingwa wa ligi ya taifa 1965, ligi ikiwa na umri wa miaka miwili tu. Ali Kajo alitoka Feisal akaifungia Kenya magoli ambayo wazee wenzangu mpaka leo tunayaeleza barazani kwa kikombe cha kahawa. Kulikuwa na Liverpool ya hapa Mombasa ambayo baadaye ikaitwa Mwenge, kulikuwa na Wanderers. Timu za bara zikija hapa zilijua zinakuja kuteseka.

Na kwa anayesema uwanja wa Mombasa hauwezi mechi kubwa: 2013 Kombe la Chalenji la CECAFA, la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, lilikuja Kenya na robo fainali zikachezwa Manispaa yetu. Nilikuwepo siku Tanzania Bara walipoitoa Uganda kwa penalti, Ivo Mapunda golini, na yeye wakati huo kipa wa Gor Mahia. Watu walijaa. Hakuna ukuta ulioanguka, hakuna aliyeumia kwa kukanyagwa. Uwanja ule ule, na ulikuwa mkuukuu.

Jambo la pili, mwapaswa kulielewa kombe hili limebeba nini. Taji la pekee la Afrika ambalo klabu ya Kenya imewahi kulishika, Gor Mahia 1987, lilikuja kupitia mlango wa kombe la nyumbani. Lilikuwa Kombe la Washindi, lililoitwa la Mandela. Fainali na Espérance ya Tunis, 2-2 kwao, 1-1 Kasarani, goli la ugenini likatupa. Sasa hesabuni: 1987 Watunisia, 2019 Bandari na Watunisia wa Ben Guerdane, 2025 Nairobi United na Watunisia wa Étoile. Mara hizo tatu bingwa wa kombe la Kenya amekutana na Mtunisia na zote tatu amempita. Hii njia ya kombe imetufikisha mbali kuliko tunavyoiheshimu. Kitu chenye heshima hiyo hakifungiwi mji mmoja.

---

K'Ogalo Changamwe

Mzee wangu shikamoo. Ulivyoitaja 1987 umenigusa mahali pangu. Sikuwa nimeiunganisha na hizi mbili nyingine. Nakubali kwamba kombe hili twalidharau. Mechi za raundi za mwanzo makocha wetu hupanga kikosi cha pili, na ndipo tunapotolewa na timu za kaunti.

Lakini bado nina wasiwasi na ulinzi na uendeshaji. Fainali ikiharibika, watu watasema Pwani haiwezi, na hatutapewa tena miaka ishirini.

---

Mpwani wa South B

Nami niongeze hapo kwa @K'Ogalo. Ni mtu wa Bamburi, lakini kazi imeniweka Nairobi na nimeingia kwenye fainali kadhaa. Fainali ya Nairobi nayo haina utukufu mnaoudhania. Zaidi ya mara moja nimekaa kwenye jukwaa nusu tupu, jua kali, spika inakwaruza, na nje ya uwanja mji unaendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna kitu. Nairobi ina mambo mengi, fainali ni moja kati ya hamsini. Mombasa ingekuwa habari ya mji mzima kwa wiki nzima.

Nilikuwa uwanjani 2019 Bandari walipoifunga Kariobangi Sharks 3-1. Mkumbuke Januari ya mwaka ule Sharks walikuwa wametufunga 1-0 fainali ya kombe la SportPesa, la klabu za Kenya na Tanzania, kule Dar, baada ya sisi kuitoa Simba 2-1 nusu fainali kwao. Kwa hiyo Juni tulikuwa na deni. Kocha Bernard Mwalala akalilipa. Refa alipomaliza, Felly Mulumba na wenzake walikimbia kwenye kona tuliyokuwa tumekaa watu wa Pwani. Tulikuwa wachache. Tumekusanyika kona moja na vitambaa vyetu na ngoma moja, tumepiga chakacha mpaka sauti zikakauka, na zaidi ya hapo majukwaa yako kimya. Nilifurahi mpaka nikalia, lakini nikawaza, hawa vijana wangenyanyua hiki kitu mbele ya watu wao wasingesahau maisha yao yote. Faruk Shikalo akaondoka kwenda Yanga baada ya msimu ule, na Mombasa haikupata kumuaga akiwa na kombe mkononi.

---

Mama Akademi, Likoni

Nimekuwa nikisoma kimya, sasa naomba nizungumze kwa niaba ya wadogo.

Tuna watoto tunaowafundisha Likoni, uwanja wa mchanga, magoli ya mirunda. Viatu vyapokezanwa: anayetolewa avua, anayeingia avaa, kama havimwenei aweka karatasi mbele. Wasichana na wavulana. Wana vipaji ambavyo nikiwaeleza hamtaniamini mpaka mje wenyewe. Nikiwauliza wanataka kuchezea timu gani wananijibu Arsenal, Manchester United, Real Madrid. Timu ya hapa Kenya hutajwa kwa nadra, na hawana makosa, kwa sababu hawajawahi kuona mechi ya hapa yenye uzito, yenye watu, yenye kombe limewekwa mezani na utepe.

Huwa nawaeleza kwamba kombe la FKF huanzia chini kabisa, kwamba timu ya kaunti ikishinda mechi zake inaweza kukutana na Gor. Wanadhani nawatia moyo tu. Nairobi United imenisaidia sana, nimepata mfano wa kuwaonyesha: hawa hawakuwa Ligi Kuu, na waliichapa Gor. Kuna mmoja, winga wa kushoto, miaka kumi na mbili, aliniuliza "mwalimu, fainali ilikuwa wapi?" Nikamwambia Nairobi. Akanyamaza kidogo, akauliza nauli ni ngapi.

Kwa hiyo mimi hoja ya pesa naielewa, na ya ulinzi naielewa. Ila tukipiga hesabu tuwaweke na hawa ndani. Fainali ikija, jukwaa moja liwe la watoto wa akademi na wa shule, bure, kaunti zote sita za Pwani. Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu, Taita Taveta na sisi.

---

Mwana wa Mbaraki

@Mama Akademi hilo la jukwaa la watoto nalichukua lilivyo, na sitakubali mpango wowote usiokuwa nalo.

Sasa nimesikia ya kila mtu, acheni niyaweke mezani tuyapige msasa, kwa sababu uzi ukibaki malalamiko utazama.

La kwanza, naona @K'Ogalo ana haki kuhusu kuharibika. Tusianze na fainali kwa pupa. Msimu mmoja tuombe nusu fainali zote mbili zije Mbaraki, siku moja, mechi mbili mfululizo. Majukwaa ni madogo, sawa, tiketi zitakuwa chache na ziuzwe mapema kwa simu, mlangoni pasiuzwe hata moja. Hapo ndipo watu wanapoumizana, pale mlangoni, wakati aliyelipa na asiyelipa wanasukumana. Tukiendesha siku ile vizuri hakuna atakayesema Pwani haiwezi.

La pili, mji wa fainali utangazwe kabla raundi ya timu 64 haijachezwa. Hili kwangu ni kubwa kuliko yote. Leo uwanja wa fainali husikika zikibaki siku chache, mashabiki hawawezi kupanga, wadhamini hawawezi kupanga, kaunti haina la kutengeneza. Ukitangaza mwanzoni, hata timu za daraja la chini za hapa Pwani zitacheza raundi zile za kwanza zikijua zikiendelea zitamaliza nyumbani. Unafikiri timu ya Kilifi au Voi itapanga kikosi cha pili?

La tatu, ule uwanja wa Manispaa. Twende kwa wawakilishi wetu wa wadi, kila mmoja kwake, tuulize kwa maandishi: kimebaki nini, kinahitaji pesa kiasi gani, tarehe ni ipi. Kwa maandishi. Barua ina muhuri na nakala, maneno ya mkutanoni hayana.

---

Mzee wa Tononoka

La barua niachieni mimi nianze. Nina muda na naandika vizuri. Nitaiweka hapa muisome kabla sijaipeleka, mrekebishe. Msiweke matusi, msiweke chama cha mtu. Tuandike mpira tu.

---

K'Ogalo Changamwe

Nusu fainali Mbaraki, hapo mmenipata. Gor ikifika nitakuja na tawi zima la Changamwe, na Bandari wakiwa upande wa pili tutaonana. Ila nawaomba jambo moja: mashabiki wa mgeni wapewe upande wao na njia yao ya kutokea. Nimewahi kwenda mechi, si Mombasa, tukatolewa mlango mmoja wote baada ya penalti. Sitaki kuyaona tena.

---

Tanga Kwetu

Mkipata tarehe nitangazieni. Tutavuka Horohoro kwa mabasi.

---

Mpwani wa South B

Kuhusu saa. Mechi mbili siku moja, ya kwanza ianze saa saba mchana, ya pili saa tisa na nusu. Zikienda penalti zote mbili bado mnamaliza kabla ya magharibi.

---

Mama Akademi, Likoni

Saa saba ni jua la utosi, wachezaji watakufa. Ianze saa nane kamili, ya pili saa kumi na robo, na wenye kuswali alasiri wapewe nafasi katikati, Mbaraki kuna pa kuswali karibu. Na kwa watoto wangu nimeshahesabu: kutoka uwanjani mpaka feri ni mwendo mfupi wa miguu, tutatembea kwa mstari, walimu mbele na nyuma. Nitafutieni tu nafasi 200 na mtu wa kusaini barua ya shule.